Big Boss: Adui Tuliyemlea kwa Mikono Yetu

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni. Steringi hafi. Adui hufa dakika za mwisho, tena kifo kibaya, na hakuna mtazamaji anayeuliza alizaliwa wapi wala nani alimfundisha kushika bunduki. Gemu za video ziliichukua kanuni hiyo zikaikaza zaidi, kwa sababu ndani ya gemu steringi ni wewe mwenye pedi mkononi. Adui anawekwa mwisho wa safari ili upate wa kumpiga, basi.

Big Boss wa mfululizo wa Metal Gear alianza hivyo hivyo mwaka 1987. Ilipotoka Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, Septemba 2015, alikuwa amegeuka mhusika ambaye simwoni mwenzake katika sanaa hii changa. Tunajua alivyokuwa kabla hajaharibika, nani alimvunja moyo, mwaka gani aliamua nini, na sisi wenyewe tulimsaidia kwa kiasi gani. Wengi huisimulia safari hiyo kwa huruma. Husema Hideo Kojima, mtunzi wake, alitaka tuone kwamba adui naye ni binadamu aliyeumizwa. Huruma hiyo naielewa, lakini naona inapita pembeni ya kazi yenyewe. Kina cha Big Boss kilitokana na namna kila gemu ilivyotukabidhi kitendo kimojawapo kati ya vile vilivyomharibu, tukitende kwa vidole vyetu, hadi gemu ya mwisho ilipomwonyesha akimtendea mtu wake jambo lile lile lililomtia uchungu maisha yake yote.

Mwaka 1987 Kojima alikuwa kijana wa miaka 23, mgeni katika kampuni ya Konami. Alipewa kazi ya kutengeneza gemu ya vita kwa ajili ya kompyuta ya MSX2. Mashine ile haikuweza kuonyesha askari wengi na risasi nyingi kwa wakati mmoja, naye akaamua kuutumia udhaifu huo: maadui wawe wachache, na mchezaji apite kwa kujificha. Mchezaji ni Solid Snake, kurutu wa kikosi cha FOXHOUND, anayetumwa kupenya Outer Heaven, ngome ya mamluki iliyowekwa kusini mwa Afrika. Kamanda wake, Big Boss, anamwelekeza kwa redio. Unapokaribia mwisho, maelekezo yanaanza kuharibika. Kamanda anakutuma penye mtego. Anafikia hata kukuamuru uizime kompyuta yako. Halafu unamkuta chini kabisa ya ngome, yeye mwenyewe, mwenye ngome.

Kama mhusika, Big Boss wa 1987 ni mwepesi. Anataka nguvu na anaiuza vita, hana la zaidi. Lakini Kojima alikuwa ameshapanda mbegu moja ambayo alikuja kuipalilia kwa miaka mingi: yule unayempiga mwishoni ndiye uliyekuwa ukimtii tangu mwanzo. Kila mlango uliofungua, ulifungua kwa sauti yake.

Gemu ya pili, Metal Gear 2: Solid Snake, ilitoka Japani mwaka 1990, na jukwaa lake linaitwa Zanzibar Land. Jina limechukuliwa pwani yetu, ila nchi yenyewe ya kubuni imewekwa Asia ya Kati, mbali na bahari yoyote. Wachezaji wa nje ya Japani walikaa karibu miaka kumi na tano kabla ya kuipata kwa njia rasmi, na nadhani ndiyo sababu inatajwa kidogo sana watu wanapojadili Big Boss. Ni kosa kuipita. Ndani ya ngome ya Zanzibar Land kuna watoto. Unawakuta vyumbani na kwenye korido, wanazungumza nawe, wengine wanakupa dokezo la njia. Ni yatima wa vita waliookotwa na Big Boss.

Yupo pia Kyle Schneider, kiongozi wa wapiganaji wa upinzani aliyekusaidia katika gemu ya kwanza. Sasa yuko upande wa Big Boss, na sababu anaitoa mwenyewe kabla ya kufa: baada ya wewe kushinda Outer Heaven, NATO waliishambulia ngome kwa mabomu bila kujali nani yumo, na aliyerudi kuwaokoa wapinzani na watoto ni Big Boss, adui yao wa jana. Aliwasamehe akawapa makazi mapya. Fikiria uzito wa jambo hilo katika gemu ya mwaka 1990, wakati gemu nyingi zilikuwa bado zinamdai binti mfalme kutoka kwa zimwi. Ushindi wako wa gemu iliyopita unarudi kukudai, na aliyelipa deni lako ni adui.

Kisha Big Boss mwenyewe anakueleza hesabu yake. Vita huzaa yatima. Yatima anaokolewa, anakuzwa, anafundishwa bunduki, anapelekwa vitani, na huko anazalisha yatima wengine. Anayasema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza mzunguko wa mvua. Ule ule wema uliomfanya Schneider amfuate ndio kiwanda cha vita yake. Kumwokoa mtoto na kumtumia mtoto ni kitendo kimoja. Baadaye unamuua ukiwa huna silaha, kwa kiberiti cha gesi na kopo la kupulizia rangi, naye anateketea.

Hapa wasomaji wetu wa Goma, Bukavu na Uvira hawahitaji maelezo. Vita vya 1996 na 1997 vilivyomwondoa Mobutu vililiingiza jina kadogo katika kumbukumbu ya eneo zima: watoto waliobeba bunduki nyuma ya Laurent-Désiré Kabila. Baadhi yao walipata jeshini chakula, kaka wakubwa na kamanda wa kumwita baba, na kwa huyo baba wakaua na kuuawa. Kojima alimwandikia Big Boss maneno yake miaka sita kabla ya vita hivyo, akiwa Japani, kwa mashine yenye picha za vidoto. Sidai kwamba alitabiri. Nasema aliugusa uovu wa kweli, ambao huja na blanketi na uji kabla ya kuja na bunduki. Maadui wengi wa gemu wanataka kuiteketeza dunia, na hakuna mwanadamu aliyewahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Mtu wa namna ya Big Boss tumekutana naye.

Gemu mbili zilizofuata nitazipita upesi. Katika Metal Gear Solid ya 1998 Big Boss ni maiti inayogombewa. Tunafahamu kwamba Solid Snake na adui yake Liquid walitengenezwa maabara kutokana na chembe zake, katika mradi wa mwaka 1972. Katika gemu ya 2001 tunamkuta mwana wa tatu wa maabara, Solidus, ambaye alimlea steringi wa gemu hiyo, Raiden, kama askari mtoto katika vita vya Liberia. Baba hayupo jukwaani, lakini tabia yake imeshakuwa ya kurithishwa. Yatima wa Zanzibar Land wamepata ndugu Afrika Magharibi.

Mwaka 2004 Kojima alifanya jambo la kijasiri. Alirudi nyuma hadi 1964 akatukabidhi pedi ya Big Boss mwenyewe, kabla hajaitwa hivyo. Katika Metal Gear Solid 3: Snake Eater ni kijana anayeitwa Naked Snake, anatumwa Urusi ya Kisovieti akiwa peke yake, anawinda nyoka na vyura apate kula, anajishona majeraha yake mwenyewe. Mwalimu wake, mwanamke anayeitwa The Boss, aliyemfundisha kila anachokijua, amehamia upande wa Wasovieti. Kazi ya Snake ni kumuua.

Kuna sehemu ya gemu hiyo ambayo ningependa kila anayedharau sanaa hii aikalie. Snake anatembea ndani ya mto, pembeni yake mzuka wa askari aliyekufa zamani, na kutoka mbele wanamjia wote aliowaua. Hao si picha zilizoandaliwa kwa kila mchezaji sawasawa. Ni wale uliowaua wewe. Aliyepita msituni kwa kujificha, akiwalaza walinzi kwa sindano za usingizi, mto wake una watu wachache. Aliyepita kwa bunduki anatembea muda mrefu, na maiti zinamkabili zikiwa na majeraha yale yale aliyozipa. Huwezi kuwapiga. Unapita katikati yao tu.

Halafu mwisho wenyewe, kwenye bonde la maua meupe. The Boss ameshindwa, amelala chali, amemkabidhi mwanafunzi wake bunduki yake. Katika filamu ungekaa ukasubiri risasi ilie. Hapa hailii. Kamera inatulia, upepo unavuma, na muda unapita mpaka mchezaji anang'amua kwamba anasubiriwa yeye. Hakuna maandishi ya kukuamuru. Kitufe cha kufyatulia kiko chini ya kidole chako, na hadithi haisogei mpaka ukibonyeze.

Baada ya hapo Rais Johnson anamvisha nishani na kumpa jina la Big Boss. Mkuu wa CIA anamnyoshea mkono, Snake anaupita bila kuushika. Ameshaujua ukweli kutoka kwenye kaseti aliyoachiwa: The Boss hakusaliti. Alitumwa kujifanya msaliti ili apate fedha za siri, dola bilioni 100, na Wasovieti walipopigwa kombora la nyuklia lenye asili ya Marekani, serikali yake ikaamua kwamba lazima auawe na mwanafunzi wake ili Marekani ionekane haina hatia. Akakubali kufa akiitwa msaliti. Mtu mzima, mwenye akili na mapenzi na historia, alifanywa chombo cha kazi, na kazi ilipoisha jina lake likafutwa.

Ukisimama hapo, Big Boss ni wa kuhurumiwa, na ndipo wengi walipobaki. Hata mimi sioni namna ya kufika kwenye kaburi la The Boss bila uchungu. Lakini historia ya maumivu peke yake haimpi adui kina. Mfululizo wa Zelda ulijaribu njia hiyo na ulifanikiwa kwa kadiri yake. Ganondorf wa Ocarina of Time ya 1998 ni mwizi wa kiti cha enzi. Katika The Wind Waker ya 2002, akiwa mzee, anasimulia jinsi watu wake walivyoishi jangwani na jinsi upepo ulivyowaletea mauti, huku upepo ule ule ukibeba kitu kingine kabisa katika nchi ya kijani aliyoitamani. Ni maneno mazuri mno. Hata hivyo ni maneno. Mchezaji anayasikiliza akiwa amesimama kando na upanga, kisha anamuua kama alivyopangiwa. Hakuna alichokifanya pamoja naye.

Kazi kubwa ya kumfanya Big Boss awe Big Boss ilifanyika katika gemu ambayo watu wazima wengi hawakuicheza kwa sababu ilitoka kwenye kifaa kidogo cha mkononi: Peace Walker, ya mwaka 2010, kwenye PSP. Hadithi iko Kosta Rika mwaka 1974, na nchi haikuchaguliwa ovyo. Kosta Rika iliondoa jeshi lake mwaka 1948. Ndani ya nchi isiyo na jeshi Big Boss anajenga jeshi lisilo na nchi.

Anayelijenga ni wewe. Unawavamia askari, unawalaza, unawafunga kwenye puto linalowarusha angani, nao wanapelekwa kwenye kambi yako iliyo baharini. Huko wanakaa mahabusu kidogo, kisha wanakuwa watu wako. Unawapangia kazi: huyu jikoni, huyu hospitali, huyu kwenye silaha. Inapendeza ajabu. Ni mchezo wa kukusanya, na kila aliyewahi kukusanya chochote anajua jinsi mkono unavyonogewa. Saa zinapita, kambi inakua, silaha zinaongezeka. Yupo mvulana wa miaka 12, Chico, mpiganaji mdogo wa Sandinista, anazungukazunguka kambini akitaka kuwa kama Snake. Kila kitu kina sababu nzuri. Tunajilinda. Tunawasaidia wanyonge. Mwishowe jeshi lako lina mashine yake ya vita, na juu ya mashine hiyo mnaweka kichwa cha nyuklia.

Na hapo hapo ndipo anapomkana mwalimu wake. Mashine nyingine, inayobeba akili ya kuiga ya The Boss, inajizamisha ziwani ili kuzuia vita vya nyuklia, na Snake analisoma tendo hilo anavyotaka yeye: kwamba mwalimu aliweka bunduki chini, kwa hiyo alimsaliti. Anavua kitambaa cha kichwani alichorithi kwake, anakitupa, na jina la Big Boss alilolikataa kwa miaka kumi anajiita mwenyewe. Ingekuwa rahisi kumwonyesha akiwa na hasira na povu mdomoni. Kojima alimwonyesha akiwa mtulivu, amezungukwa na watu wanaompenda, kwenye kambi uliyoijenga kwa jioni nyingi za furaha. Nani aliyefika pale akasema basi, sitaki jeshi hili? Gemu haina kitufe cha kukataa, kweli, lakini hatukukitafuta.

Tunafika 2015. The Phantom Pain inaanza mwaka 1984. Big Boss anaamka hospitalini Kupro baada ya miaka tisa ya kupoteza fahamu, mkono mmoja haupo, kipande cha chuma kimemchomoza kwenye paji la uso. Anatorokea Afghanistan, kisha anakwenda mpakani mwa Angola na Zaire. Kule Afrika anawakuta watoto migodini na watoto wenye bunduki, na kundi lao linaongozwa na mzungu mdogo wanayemwita Nyoka ya Mpembe, ambaye ni Liquid mwenyewe kabla hajawa mtu mzima. Ukimuua mtoto, gemu inaishia hapo hapo. Big Boss anawabeba, anawanyang'anya silaha, anaagiza wasipigane tena.

Mchezaji aliyeitembelea Zanzibar Land lazima ashtuke. Huyu ndiye atakayewafanya yatima kuwa risasi? Mabadiliko yatatokea wapi? Gemu inaendelea, unasubiri anguko, na anguko haliji. Linakuja jambo lingine. Ugonjwa unaoenezwa na vimelea vya koo unaingia kambini, na unalazimika kupita chumba hadi chumba ukiwapiga risasi askari wako, wale uliowaokota mmoja mmoja. Wengine wanakupigia saluti na kusubiri. Majivu yao yanageuzwa almasi, na almasi hizo wenzao wanazivaa vitani.

Kisha ukweli. Mtu uliyekuwa ukimchezesha si Big Boss. Ni tabibu wa kikosi chake, aliyekuwa naye ndani ya helikopta mwaka 1975 na akajirusha kati yake na bomu. Alipokuwa amepoteza fahamu walimfanyia upasuaji akapewa sura ya bosi wake, wakamlisha kumbukumbu zisizo zake, ili maadui wamwinde yeye. Big Boss halisi alimtoa hospitalini akiwa amefungwa bandeji usoni, akawasha pikipiki, akaenda zake kujenga taifa lake kwa siri. Baadaye anamtumia tabibu kaseti ya shukrani: wewe nawe ni Big Boss, hadithi hii tumeijenga wawili. Upande wa pili wa kaseti umeandikwa Operation Intrude N313, jina la operesheni ya gemu ya 1987. Kwa hiyo aliyekufa Outer Heaven mikononi mwa Solid Snake alikuwa huyu tabibu. Swali la miaka mingi, Big Boss alikufaje mara mbili, limepata jibu.

Wachezaji waligawanyika. Wapo walioona wametapeliwa, wakitaka kumwona shujaa wao akigeuka shetani mbele ya macho yao. Wapo waliolia kwa furaha, kwa sababu uso ule wa tabibu ni uso uliouchonga mwenyewe mwanzoni mwa gemu, na walisikia kwamba Kojima anawaambia wachezaji wake: ninyi ndio Big Boss.

Nawaomba wote wawili waisikilize tena ile kaseti wakiwa wamekaa kwenye kiti cha tabibu. Mtu alitoa mwili wake kumlinda kiongozi. Malipo yake ni kunyang'anywa uso, jina, ukoo na kumbukumbu, kisha kuachwa awe shabaha. Wazo halikuwa la Big Boss, ni kweli, lilikuwa la Zero, rafiki yake wa zamani. Lakini alipoelezwa alilikubali, akalitumia, na aliposhukuru alishukuru kwa sauti ya bosi anayempandisha cheo mfanyakazi. The Boss angalau aliulizwa. Alijua anachoombwa na akakubali akiwa na akili timamu. Tabibu hakuulizwa chochote. Mwanafunzi aliyekataa kumshika mkono mkuu wa CIA kwa yale waliyomtendea mwalimu wake ametenda baya zaidi, kwa mtu aliyempenda zaidi, na haoni. Kazuhira Miller, aliyekuwa naye Kosta Rika, anapoujua ukweli huo anamgeuka, na namwona Miller kuwa msikilizaji pekee aliyeielewa zawadi ile.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba Phantom Pain ilikwepa kumwonyesha Big Boss akiwa mwovu. Ilimwonyesha kabisa, ikamwonyesha kwa namna ambayo mchezaji anaweza kuushangilia uovu wenyewe kwa kuwa umeelekezwa kwake ukiwa umefungwa kama sifa. Sijui tendo la kijasiri kuliko hilo katika mfululizo mzima. Wewe ulitoa saa nyingi, tabibu alitoa maisha. Wote wawili mmelipwa kwa jina la mtu mwingine.

Lawama yangu kwa mfululizo huu iko mahali pengine, nayo ni nzito. Mwaka 2008, katika Metal Gear Solid 4, Big Boss mzee, ambaye kumbe hakufa Zanzibar Land, anatokea makaburini mbele ya Solid Snake aliyezeeka kabla ya wakati. Anatupa bunduki, anamkumbatia. Anamzimia Zero mashine ya kupumulia, anakiri kwamba hakumwelewa mwalimu wake, na anakufa kando ya kaburi la mwalimu huyo. Katika sauti za Kijapani, Snake ni Akio Ōtsuka na Big Boss huyu mzee ni Chikao Ōtsuka, baba yake mzazi. Ukilijua hilo, maneno ya baba kwa mwana yanakuingia hadi kwenye mifupa. Sikatai uzuri wake. Lakini katika mazungumzo yale marefu yote, yatima wa Zanzibar Land hawapati nafasi. Anaomba radhi kwa mwalimu, kwa mwana, karibu hata kwa Zero. Watoto aliowapika wakawa vita, hawamo.

Phantom Pain nayo iliwaacha njiani. Watoto wa Angola wanaondoka kambini na Liquid pamoja na mashine ya vita waliyoiiba, na sehemu iliyopaswa kuwamalizia, ambayo ilikuwa imeanza kuandaliwa, haikukamilishwa. Mwaka huo huo wa 2015 Kojima na Konami wakaachana. Tukabaki na shimo la miaka kumi na tano, kati ya mtu anayemnyang'anya mtoto bunduki mwaka 1984 na mtu anayemkabidhi mwaka 1999 kule Zanzibar Land. Wa 1984 alikuwa tabibu. Wa 1999 ndiye mwenyewe. Gemu imetupa jibu hilo na inaelekea ni sahihi kabisa, kwamba yule aliyewahurumia watoto hakuwa Big Boss. Lakini jibu hilo tunalifikia kwa kukokotoa miaka, wakati mambo mengine yote ya mhusika huyu tuliyafikia kwa mikono.

Mwaka 2025 Konami walitoa upya Snake Eater kwa mashine za kisasa, kila jani la msituni likiwa na umande wake. Inaeleweka. Ndiyo gemu inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayomwonyesha Big Boss akiwa wa kupendwa. Mimi ningetaka wafanye kazi hiyo hiyo kwa gemu ya 1990. Sasa inapatikana kirahisi katika mkusanyiko waliouuza tangu 2023, lakini ikiwa na picha zake zile zile za vidoto, na watoto wale wana sentensi moja moja tu. Wapewe nyuso na majina. Mchezaji aliyemtii Big Boss kwa redio mwaka 1987, akamfyatulia The Boss risasi, akajaza kambi Kosta Rika kwa puto, apitishwe kwenye korido za Zanzibar Land asimame mbele ya mtoto anayesema kamanda ni baba yake. Na amjibu, kwa pedi yake mwenyewe, kabla hajashuka chini kwenda kumuua.